Kitambaa cha Kumi na Moja

Nilimwalika mimi mwenyewe, tena kwa sauti tamu. Nataka hilo lijulikane mapema, maana wapo jamaa zetu wanaosema kwamba siku tuliyomzika baba nilizidiwa na uchungu wa msiba, ulimi ukateleza. Ulimi haukuteleza. Siku nne kabla ya mazishi nilimpigia simu yule mzee, nikampa shikamoo yake, nikamwambia familia ingeshukuru sana iwapo yeye, aliyekuwa mkubwa wa kazi wa marehemu kwa miaka mingi, angekuja Marafa, kijijini kwetu, atuambie maneno mawili matatu. Akaitikia marahaba, akanipa pole, akasema baba yangu alikuwa kama mdogo wake wa tumbo moja. Nilikata simu nikiwa na furaha.

Baba alikuwa daktari mpasuaji. Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa upande wa Kilifi, na sisi tulikaa Barani, Malindi, ambako mama alikuwa mwalimu. Badala ya kutuhamisha, au kupanga chumba huko na kuja nyumbani mwisho wa wiki kama walivyofanya wenzake, yeye aliendesha gari kwenda na kurudi kila siku. Wenzake walimwona punguani. Alifika saa moja jioni, akavua viatu mlangoni, akatuuliza mmoja mmoja tulikula nini mchana. Hakuuliza tumesoma nini. Hayo alimwachia mama. Vifungo vya sare zetu alivishona yeye, kwa fundo lilelile alilofungia majeraha ya watu, na nakumbuka mashati yaliyochakaa yakawa matambara ya kupigia deki huku vifungo vimeshikilia vilevile. Mama alilalamika kwamba hata kwa mkasi havikutoka kwa urahisi.

Tulichomcheka zaidi ni hesabu. Katika thieta yake, chumba cha upasuaji, tumbo la mtu halikufungwa mpaka vile vitambaa vya kukaushia damu vihesabiwe. Kabla ya kupasua, muuguzi alivihesabu kwa sauti na baba akarudia kila namba; wakati wa kufunga, vivyo hivyo. Vikiwa kumi mwanzo, viwe kumi mwisho, na kimoja kisipoonekana hakuna aliyetoka, hata ikibidi kupekua pipa la taka. Tena alikataza jambo moja kwa ukali ambao hakuwa nao popote pengine: kitambaa kisikatwe. Vitambaa vilikuwa haba hospitalini, na wauguzi walishazoea kuchukua mkasi wakakifanya kimoja kuwa viwili ili kazi isonge, kama mtu anayegawa mkate kwa wageni waliozidi. Baba alisema ukikata kimoja umeiua hesabu, kwa sababu kumi umeigeuza kumi na moja, na kitabuni imebaki kumi.

Tabia hiyo alikuja nayo nyumbani. Tukitoka kanisani, tukitoka kwa shangazi, tukitoka kuogelea, alisimama kando ya gari akatuhesabu kwa sauti, na mmoja wetu alipaswa kurudia kila namba. Tulikuwa watoto wanne tu, wala hatukuwahi kupungua. Ndugu zangu walipobaleghe waliona aibu, wakawa wanaingia garini mbio kabla hajaanza. Aliwatoa nje akaanza upya.

Nilipokuwa darasa la tano, siku ya wazazi iliangukia Ijumaa, nami nilichaguliwa kughani shairi kushindana na madarasa mengine. Baba alikuwa amekosa siku ya wazazi miaka miwili mfululizo, na mara zote mbili ilikuwa kwa sababu ya tumbo la mtu. Nilimwambia, mama akisikia, kwamba akikosa na mara ya tatu asiniite mwanawe tena. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijua pa kumshika.

Akaja. Nilikuwa nimeshapanda jukwaani nilipomwona akiingia langoni, anakimbia, miguuni bado ana vile viatu vyeupe vya mpira vya thieta. Alikwenda moja kwa moja mstari wa mbele akakaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima, ambaye hakuwa amefika, na ubeti wa kwanza haujaisha akaanza kupiga makofi peke yake. Walimu walicheka. Mimi sikucheka, nilighani kwa sauti zaidi. Siku hiyo naikumbuka kuliko siku ya arusi yangu. Nilirudi nyumbani na beseni jekundu la plastiki nililotuzwa, nalo lipo mpaka leo jikoni kwa mama. Ufa wake mmoja baba aliuziba mwenyewe kwa kisu kilichopashwa moto.

Tumbo aliloliacha Kilifi siku hiyo lilikuwa la mwanamke wa Mnarani, kijana bado, aliyekuwa akitolewa uvimbe kwenye kizazi. Uvimbe baba aliutoa, akamaliza. Kilichobaki kilikuwa kuhesabu na kufunga. Mkubwa wake alikuwepo mle ndani, akamwambia aende akamwone mtoto, yeye atamalizia. Baba akavua glavu akatoka.

Miezi mitatu baadaye yule mwanamke alipasuliwa upya Mombasa, ndani kumeoza, wakatoa kipande cha kitambaa. Maisha yake waliyaokoa. Kizazi hakikuokoka.

Kikaitishwa kikao. Kitabu cha thieta kilionyesha vitambaa kumi mwanzo na kumi mwisho, na mpasuaji aliyeandikwa ni baba. Aliyeongoza kikao alikuwa yule yule mkubwa wake. Mtu aliyeshika sindano ya mwisho ndiye aliyeketi kichwani mwa meza, miwani puani, akauliza maswali, na swali la nani alishika sindano ya mwisho hakuliuliza. Baba alipoambiwa kama ana la kujitetea aseme, alisema hana. Muuguzi aliyehesabu siku hiyo aliulizwa kama hesabu ilitimia, akajibu ilitimia, akaruhusiwa kwenda.

Baba hakuingia thieta tena. Alimalizia maisha yake ya kazi kwenye zahanati moja ndogo Malindi, akisafisha vidonda vya watu walioanguka na bodaboda na kutahiri watoto wakati wa likizo. Mikono iliyoweza kufungua kifua cha mtu ikawa ya kubadilisha bandeji. Shuleni waliniuliza kama babangu keshakiokota kitambaa chake. Sokoni mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma baba alipotaka kumpa mkono. Yeye alitabasamu, akanunua nyanya zake, tukarudi garini, akatuhesabu.

Mkubwa wake alipanda cheo. Akastaafu kwa sherehe, akawa mzee wa kanisa, akawa mtu wa kualikwa kila mahali penye kipaza sauti. Nilimwona kwenye harusi, kwenye harambee, kwenye mazishi ya watu asiowajua. Kila nilipomwona nilihisi joto likinipanda kutoka miguuni, na hapo nilikuwa sijajua hata nusu ya mambo. Nilimchukia kwa sababu tu alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha kikao. Sababu yenyewe ililetwa na yule muuguzi wa hesabu.

Alikuja Barani mwaka jana, mama wa bara aliyefanya kazi pwani maisha yake yote na sasa alikuwa akifunga virago kurudi kwao. Baba alikuwa amelala ndani, ugonjwa ulishamshika. Mama wa watu alikaa ukumbini, chai hakuigusa, akanieleza. Baba alipotoka tu, damu ilianza kuvuja mahali fulani tumboni. Vitambaa vikaisha. Stoo ilikuwa imefungwa na mwenye ufunguo amekwenda msikitini. Yule mkubwa akamwambia akate kimoja. Muuguzi akamkumbusha kwamba daktari amekataza. Akaambiwa daktari ameshaondoka. Akakata. Mwisho alihesabu vipande kumi, akataka kuandika kwamba kimoja kilikatwa na hivyo vilipaswa kuwa kumi na moja, mzee akamwambia asichafue kitabu, kumi ni kumi.

Nilimwambia ayaandike hayo kwa mkono wake, akaandika, ukurasa mmoja na nusu, akatia sahihi. Aliniomba nimsamehe. Nilimwambia nimemsamehe, ila sikumsamehe. Nilitaka tu ile karatasi.

Nilimsubiri baba aamke nimpelekee habari kama mtu anayepeleka zawadi. Mama alinizuia mlangoni. Akasema baba anajua. Alijua tangu siku zilipotoka habari Mombasa kwamba kilichotolewa kilikuwa kipande chenye ukingo wa mkasi, maana akiwapo yeye hakuna kitambaa kilichowahi kukatwa. Nikamuuliza mama kwa nini basi alinyamaza. Mama alishusha sauti.

"Nilimuuliza usiku na mchana. Alinijibu neno moja: mimi sikungoja hesabu."

Nililiona jibu la kipuuzi. Nililiona jibu la mtu mpole aliyezoea kukaliwa kichwani. Hatukulizungumza tena, na baba akafa miezi saba baadaye, asubuhi, mama akiwa anamnyoa ndevu. Mbele ya watu bado alikuwa yule daktari wa kitambaa, na angefukiwa hivyo. Hapo ndipo nilipochukua simu.

Nilipanga mazishi yale kwa uangalifu. Ndugu zangu walishughulikia jeneza na mahema. Mimi niliomba kazi mbili tu, wasifu wa marehemu na ratiba. Kwenye ratiba nilimweka yule mzee mara tu baada ya wasifu, ili nikimaliza kusoma ainuliwe yeye. Kiti chake nilikichagua mwenyewe: mstari wa mbele, katikati, kati ya mchungaji na chifu, mahali ambapo mtu hawezi kutoka bila kupita mbele ya macho ya kila aliyekuja. Nilimwekea na mto. Jirani mmoja alinisifu kwa jinsi ninavyowaheshimu wazee.

Wasifu niliuandika mara tano. Sehemu moja ndiyo iliyonipa taabu, pale baba anapotoka thieta. Nisingeweza kusema alikwenda shuleni kusikiliza shairi. Niliandika kwamba aliitwa kwenye dharura. Nikaitazama hiyo dharura, nikaona inakaa vizuri, nikaiacha. Mama aliniomba nimsomee kabla ya siku yenyewe, nikamsomea nikiwa nimeruka ukurasa. Lakini mama alifundisha watoto miaka thelathini na anajua mtoto anayeficha kitu. Asubuhi ya mazishi, tukitoa sufuria nje, alinishika kiwiko.

"Mwanangu, usiyaseme ambayo mwenyewe hakuyasema. Yeye alikuwa na sababu yake."

"Yeye alikuwa mpole, mama. Mimi sikuupata huo upole."

Watu walijaa. Kwetu Marafa hawakuwa wamesahau kwamba baba ndiye aliyewapokea hospitalini miaka ile wagonjwa wao wote, na walikuja hata kutoka vijiji vya mbali, wamevaa nguo zao za kanisani, vumbi jekundu limewafika magotini. Yule mzee alishuka kwenye gari na fimbo yake na tai nyeusi. Nilikwenda kumpokea, nikamshika mkono, nikampeleka hadi kwenye mto wake. Mkono wake ulikuwa laini na baridi kidogo. Akaniambia nimefanana na baba.

Nikasoma. Nilianza na kuzaliwa kwake, mbuzi aliowachunga, shule alizosoma, vifungo vya sare, hesabu ya watoto kando ya gari, na watu wakacheka palipostahili. Kisha nikageuza ukurasa, nikasoma barua ya muuguzi yote, neno kwa neno, pamoja na kumi ni kumi. Jina la mzee sikulitaja. Nilisema tu kwamba aliyeamuru kitambaa kikatwe, kisha akakaa kichwani mwa meza kumhukumu mwenzake, ndiye msemaji anayefuata kwenye ratiba mliyoishika mikononi.

Karatasi za ratiba zilifunguliwa zote kwa pamoja. Niliisikia hiyo sauti. Mchungaji, maskini, hakuwa na la kufanya ila kuifuata ratiba, akamkaribisha msemaji. Yule mzee aliinuka. Alichukua muda mrefu kufika kwenye kipaza sauti, fimbo inazama kwenye udongo. Akakunjua karatasi yake akaanza kusoma yale aliyoyaandika nyumbani, kwamba marehemu alikuwa mtu mwaminifu, mtu wa hesabu zake, na hapo akaacha kusoma. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akapita mbele ya watu wote hadi kwenye gari lake. Hakutupa udongo kaburini. Hakula.

Nilifurahi, na sitamdanganya mtu kwa kusema vingine. Nilisimama pale na gauni langu jeusi nikaona mwili umekuwa mwepesi, kama nimetua ndoo niliyobeba tangu darasa la tano. Wajomba walinikwepa. Mama hakunitazama. Lakini nilisikia wanawake nyuma ya hema wakiambizana kwamba kumbe daktari wa watu alisingiziwa, na hiyo ilinitosha. Baada ya kuzika, pilau ilipokuwa inapakuliwa, nilichukua birika la maji na beseni katika vyombo tulivyotoka navyo Barani, nikaanza kuwanawisha wageni. Si kazi ya binti mkubwa wa marehemu, ila nilitaka kupita kati ya watu wanione usoni.

Kwenye viti vya mwisho, karibu na ua, alikaa mama mmoja peke yake, amejitanda leso, umri wa kama miaka hamsini. Nilimpa shikamoo, akaitika, akanyosha mikono. Nikamimina maji. Alikuwa ananawa taratibu sana.

"Mimi ndiye wa Mnarani," akasema.

Maji yakaruka nje ya beseni, yakamwagikia leso yake. Hakuonekana kujali. Aliniambia alisikia tangazo la kifo redioni. Alikuja peke yake, hakumuaga mtu. Alikuja, alisema, ahakikishe kwamba daktari yule amefukiwa kweli. Aliyasema kwa upole tu, kama anayenieleza njia aliyopitia, na mimi nilimwelewa kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale siku hiyo, maana hata mimi nilikuja na langu.

"Miaka ishirini na tatu nimemlaani babako peke yake. Leo umenionyesha mwengine, ahsante. Lakini kuna pahali hujanieleza, mwanangu. Hiyo dharura iliyomtoa ilikuwa dharura gani?"

Ningeweza kusema ajali ya barabarani. Ningeweza kusema mama mja mzito aliyeletwa anavuja damu. Uongo nilikuwa nao wa kutosha, na angeuamini, na angekwenda nyumbani kwake Mnarani akiwa na mtu mmoja wa kumchukia, yule niliyemtaka mimi. Nikaangalia mikono yake ndani ya beseni. Pembeni ya kidole gumba kulikuwa na ule ufa wa zamani wa plastiki, ulioyeyushwa ukaziba, mnene kama kovu. Nikakumbuka neno moja la baba ambalo nililiona la kipuuzi.

"Ilikuwa mimi," nikasema. "Kulikuwa na siku ya wazazi shuleni. Nilikuwa naghani shairi."

Hakutoa mikono yake majini. Nyuma yetu watu waliendelea kupokezana sahani, na mtu aliita aletewe chumvi.

"Ukashinda?"

"Nilikuwa wa pili," nikasema. "Nilituzwa hili beseni."

Alilitazama. Kisha akainua mikono, ikachuruzika kidogo, akaifuta kwa leso yake mwenyewe. Mgeni wa kiti kilichofuata alikuwa ameshanyosha mikono yake, ananingoja.